Nyuma ya akili mnemba kuna watu na ardhi: dhana potofu na ukweli wake

Mazungumzo kuhusu akili mnemba (AI) katika nchi zetu za Afrika Mashariki yana kambi mbili. Wapo wanaoiona kuwa neema itakayoziba kila pengo la walimu, madaktari na mabwana shamba, na wapo wanaoiona kuwa balaa linalokuja kufagia ajira zote. Kambi hizi hupingana kwa mambo mengi, lakini zote mbili huizungumzia mashine kana kwamba imezuka yenyewe, haina aliyeifunza, haina anayeimiliki, wala haihitaji madini, umeme na maji. Kwa maoni yangu hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapoota mizizi, na kila dhana inayojadiliwa hapa chini huficha mtu fulani au mahali fulani.

Dhana: “Mashine hujifunza yenyewe, haihitaji mikono ya watu”

Mfumo wa kutambua picha hauanzi na maarifa yoyote. Ili gari linalojiendesha litofautishe mtembea kwa miguu na nguzo ya umeme, lazima kwanza watu wakae mbele ya kompyuta, wafungue picha moja baada ya nyingine, wachore kisanduku kuzunguka kila mtu, kila gari na kila alama ya barabarani, kisha waandike kilichomo ndani yake. Kazi hiyo ya kuweka lebo imefanywa kwa miaka mingi Nairobi na hata Gulu, kaskazini mwa Uganda, na vijana ambao majina yao hayatajwi popote bidhaa inapozinduliwa.

Sehemu nzito zaidi ni ile ya maandishi machafu. Mfumo wa kuzungumza na watu ukifunzwa kwa maandishi yaliyozolewa mtandaoni huokota humo pia matusi, chuki na ukatili. Ili usiyarudishe kwa mtumiaji, hutengenezewa kichujio, na kichujio hicho nacho hufunzwa kwa mifano ambayo binadamu ameisoma na kuiainisha. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walikuwa wamefanya kazi hiyo kwa ajili ya OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, wakisoma maandishi yaliyojumuisha maelezo ya udhalilishaji wa watoto, huku ujira waliobaki nao ukiwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wapo walioeleza wazi kuwa kazi hiyo iliwajeruhi nafsi. Anayesifu adabu ya majibu ya ChatGPT anasifu pia, hata kama hajui, uvumilivu wa watu hawa. Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa uainishaji na uchujaji wa maudhui walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao cha wafanyakazi, na mimi nalihesabu tukio hilo kuwa miongoni mwa matukio muhimu zaidi katika historia ya teknolojia barani Afrika, kwa sababu watu waliodhaniwa kuwa sehemu ya mashine walijitokeza wakasema wao ni waajiriwa.

Dhana: “Kazi zote zitakwisha,” na pacha wake, “Sisi hayatuhusu”

Shirika la Kazi Duniani lilichapisha mwaka 2023 uchambuzi wa athari za akili mnemba zalishi, yaani ile inayotunga maandishi na picha, kwa ajira, na matokeo yake hayaungi mkono yoyote kati ya dhana hizi mbili. Kazi nyingi zitabadilika kwa sehemu tu, kwani baadhi ya majukumu yatafanywa na mashine na mengine yatabaki kwa mtu. Kundi lililo hatarini zaidi ni la makarani na wahudumu wa ofisi, na kwa kuwa nafasi hizo hushikwa zaidi na wanawake, wao ndio watakaoumia kwanza. Katika nchi zenye kipato kikubwa, ajira zinazoweza kuchukuliwa na mashine zilikadiriwa kuwa asilimia 5.5; katika nchi zenye kipato kidogo, asilimia 0.4.

Asilimia hiyo ndogo isitufariji kupita kiasi. Ni ndogo kwa sababu wengi wetu tuko shambani, sokoni na katika shughuli zisizo rasmi, na kazi chache za ofisini tulizo nazo ndizo ambazo vijana wetu wengi wenye vyeti wanazililia.

Swali lenye uzito kwa mazingira yetu ni kazi itakayokuwepo itakuwa ya namna gani. Tazama huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Haikuondoa watu katika mzunguko wa fedha, bali ilizaa kazi mpya ya uwakala, na leo hakuna mtaa usio na kibanda cha wakala. Lakini mwangalie wakala huyo kwa karibu. Mtaji ni wake, floti ni yake, na asubuhi anapaswa kukisia kiasi cha fedha taslimu na kiasi cha salio kitakachotosha siku nzima. Akikosea, mteja anakwenda kibanda cha pili. Akitapeliwa au akiporwa, hasara huwa ni yake, na mwisho wa mwezi hupokea kamisheni pasipo mshahara, likizo wala bima. Dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa programu ya simu yuko katika hali hiyohiyo, na zaidi ya hayo akaunti yake inaweza kufungwa asijue amekosea nini wala amwendee nani. Kazi ipo, ila mwajiri ametoweka machoni pa mfanyakazi.

Dhana: “Kompyuta haina upendeleo”

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara iliyokuwa ikitambua jinsia ya mtu kwa kuangalia picha ya uso. Kwa wanaume weupe, kiwango kikubwa zaidi cha makosa kilikuwa asilimia 0.8, ilhali kwa wanawake weusi makosa yalifika hadi asilimia 34.7. Hakuna mhandisi aliyeiagiza mashine iwabague wanawake weusi. Picha zilizotumika sana kufundishia na kupimia mifumo ya aina hii zilikuwa zimejaa sura za aina moja, na mashine ikajifunza ilichopewa.

Kwetu upendeleo wa namna hii hujificha zaidi katika mikopo ya simu. Tangu M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilipoanzishwa Kenya mwaka 2012, mamilioni ya watu wamezoea kukopa bila kuonana na afisa yeyote, kwa uamuzi unaotokana na kumbukumbu za matumizi ya simu na miamala. Utaratibu huu umewafikia watu ambao benki zilikuwa zimewafungia mlango, na hilo ni jambo jema lisilopaswa kubezwa. Hata hivyo mama anayeuza mboga kwa fedha taslimu na kupokea fedha kwa laini ya mumewe hana kumbukumbu mbele ya mfumo, hata kama sokoni anajulikana kwa uaminifu wake. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutowekwa chini ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, lakini sijakutana na wakopaji wengi wanaofahamu kuwa haki hiyo ipo.

Dhana: “Tukiacha karatasi tumeyaokoa mazingira”

Ni kweli kwamba fomu inayojazwa kwa simu huokoa karatasi, nauli na siku nzima ya foleni. Kinachosahaulika ni kwamba gharama haikufutika, imehamia mahali ambapo mtumiaji haoni.

Mahali pa kwanza ni Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na madini hayo huingia katika betri za simu, kompyuta na magari ya umeme. Sehemu yake huchimbwa na wachimbaji wadogo wanaoteremka kwenye mashimo yasiyo na nguzo za kuzuia udongo, na maporomoko yamekwisha kuua wengi wao.

Mahali pa pili ni vituo vya data, yaani majengo yenye seva, kompyuta kubwa zinazoendesha huduma za mtandaoni. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo hivyo vilitumia umeme wa takriban saa za terawati 415, sawa na asilimia 1.5 hivi ya umeme wote wa dunia, na kwamba kiasi hicho kinaweza kuzidi maradufu ifikapo mwaka 2030, akili mnemba ikiwa msukumo mkubwa. Seva huzalisha joto jingi, na vituo vingi hutumia maji kuzipoza. Huwa inasemekana kwamba mashine mpya zikitumia umeme kidogo zaidi tatizo litaisha, lakini huduma ikiwa rahisi hutumiwa na watu wengi zaidi kwa mambo mengi zaidi, na jumla ya matumizi huweza kupanda. Kenya ina nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa umeme wake mwingi hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, na mvuke wa Olkaria karibu na Naivasha umekwisha kuwavutia wawekezaji wa vituo vya data. Ni haki ya wananchi kuuliza mapema umeme huo utagawanywaje kati ya seva na nyumba ambazo bado hazijaunganishwa.

Mahali pa tatu ni jalalani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayotokana na simu hutolewa wakati wa kuitengeneza, kabla hata haijawashwa na mnunuzi, hatua yenye manufaa zaidi ni kuitumia simu hiyohiyo miaka mingi. Mafundi wa simu wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, wanaobadilisha kioo, betri na sehemu ya kuchajia kwa bei ambayo mwenye kipato cha kawaida anaimudu, wanafanya kazi ya kulinda mazingira, na wanastahili kutambuliwa kwayo.

Dhana: “Teknolojia nzuri itamfikia kila mtu kwa wakati wake”

Mwaka 2024 ni asilimia 38 tu ya watu wa Afrika waliokuwa wakitumia intaneti, na pengo hilo halizibiki lenyewe. Programu ya PlantVillage Nuru, inayomsaidia mkulima kutambua magonjwa ya mihogo, inatumika shambani kwa sababu walioitengeneza walifikiria shamba lisilo na mtandao. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani, na simu humweleza kama anachokiona ni dalili ya batobato au ya michirizi ya kahawia. Ilifunzwa kwa picha zilizoainishwa na wataalamu wa zao hilo. Hata hivyo michirizi ya kahawia huweza kuozesha muhogo ardhini huku majani yakionekana mazima, na programu haigawi pingili safi za kupanda. Bwana shamba bado anahitajika.

Dhana: “Kampuni ziko mbali, sheria zetu haziwezi kuzigusa”

Mfanyakazi wa zamani wa uchujaji wa maudhui alipofungua kesi Nairobi mwaka 2022 dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, na mkandarasi wake, Meta ilidai kuwa mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba inaweza kushtakiwa nchini humo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na tume ya kuisimamia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali. Mwaka 2023 maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi ili mboni zao zipigwe picha kwa malipo ya sarafu za kidijitali, hadi serikali iliposimamisha zoezi hilo mwezi Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu, katika shauri lililoletwa na Katiba Institute, shirika la kutetea katiba, iliamuru taarifa hizo zifutwe, kwa kuwa zilikusanywa bila tathmini ya athari inayotakiwa kisheria, na ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha fedha haikuwa ridhaa halali.