Umegeuza nyumba kuwa baa? Kibali cha kubadili matumizi unacho?

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu siku hizi yanafanana: jirani kageuza nyumba ya kuishi kuwa baa, uani kuna gereji, ukuta wa mbele umevunjwa zikapangwa fremu. Tukimwita mmiliki, anajibu kisomi: mji wa kisasa ni wa matumizi mchanganyiko, kutenga kanda, yaani kila matumizi na eneo lake, ni mambo ya kikoloni.

Historia hiyo hatuikatai. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, kisha Waingereza, ziligawa Dar es Salaam kwa aina ya majengo, na kwa kufanya hivyo zikagawa watu kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwazi wa Mnazi Mmoja katikati kuitenga Kariakoo ya Waafrika. Mwaka 1961 Jane Jacobs, mwandishi wa Marekani wa masuala ya miji, aliwashambulia wapangaji waliotenganisha nyumba, maduka na kazi, akisema mtaa wenye watu muda wote ndio ulio salama. Kariakoo, yenye maduka chini na makazi juu, inampa haki. Ila huyohuyo Jacobs alitaja maegesho makubwa, yadi za malori na vituo vya mafuta kuwa vinaweza kuuharibu mtaa mdogo. Sehemu hiyo wanaomnukuu huwa hawaifikii.

Kuchanganya matumizi ni uamuzi wa mpango wa eneo, kwa sababu maji taka, maegesho, kelele na njia ya zimamoto ni mambo ya mtaa mzima. Mwenye kiwanja kimoja hawezi kuwaamulia wenzake.

Utaratibu ni huu. Unaandika maombi kwa Mkurugenzi wa halmashauri yako, ukiambatanisha nakala ya hati ya kiwanja, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na maelezo ya matumizi unayotaka. Tangazo linatolewa ili majirani waweze kupinga. Afisa anakagua eneo, na maombi yanajadiliwa kwenye kamati ya mipango miji kabla ya kwenda ngazi ya juu. Yakikubaliwa, masharti ya hati yanabadilishwa, na kodi nayo inabadilika. Ndipo unapoomba kibali cha ujenzi, ambacho ni kitu kingine kabisa.

Na tafadhali: muhuri wa serikali ya mtaa si kibali. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Kuendeleza kiwanja bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Unaweza kuamriwa kusimamisha kazi au kubomoa. Kwa upande wa hati, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamruhusu Kamishna wa Ardhi kukutoza faini kwa kukiuka masharti, kukupa ilani ya kurekebisha, na ukikaidi, kupendekeza kwa Rais miliki ifutwe.

Uliyekwisha kuanza, simamisha kazi kwanza, kisha lete maombi. Kuwa umeshatumia fedha nyingi si sababu ya kukubaliwa.