Duka Kubwa la Michezo Huwa Ukiritimba Lini?

Wanaoniuliza kama Steam, duka la mtandaoni la kampuni ya Valve, imehodhi soko la michezo ya kompyuta aghalabu huwa wamekwisha kuamua: duka hilo limeyapita mengine yote kwa ukubwa, basi ni ukiritimba. Sisi tunaofanya kazi ya sheria ya ushindani hatuwezi kuishia hapo. Katika kesi ya Grinnell ya mwaka 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kosa la ukiritimba lina sehemu mbili: kampuni iwe na nguvu ya kuhodhi katika soko husika, na iwe imeipata au kuilinda nguvu hiyo kwa makusudi, si kwa ubora wa bidhaa au ustadi wa biashara pekee.

Soko husika lenyewe hugombaniwa sana. Mwaka 2021, katika kesi ya Epic, kampuni ya kutengeneza michezo, dhidi ya Apple, jaji alilitaja soko kuwa miamala ya michezo ya simu, akaona kwamba Apple inashika zaidi ya nusu yake, na bado akasema ukiritimba haukuthibitishwa.

Kwa maoni yangu, penye uzito hasa ni kwenye bei. Steam hutoza kamisheni ya asilimia 30, ambayo hupungua kwa michezo inayouzwa sana. Duka la Epic, lililofunguliwa Desemba 2018, lilianza na asilimia 12. Mchezo wa dola 30 ukiuzwa kwa kamisheni ya asilimia 30, mtengenezaji hubaki na dola 21. Kwenye duka la asilimia 12 angeweza kuuza kwa dola 24 akabaki na dola 21.12, na mnunuzi akaokoa dola sita. Duka dogo halina njia nyingine ya maana ya kumvuta mnunuzi ambaye marafiki zake na michezo yake yote viko kwingine.

Kesi ya Wolfire Games, mtengenezaji wa michezo, dhidi ya Valve, iliyofunguliwa mwaka 2021, inadai kwamba watengenezaji huzuiwa kushusha bei hata kwenye maduka yasiyohusiana na Steam; Valve inakana. Kuzuia punguzo kwa namba za kufungulia mchezo, ambazo Steam huwapa watengenezaji bure wakaziuze kwingine, ni jambo ninaloweza kulielewa, kwa kuwa gharama ya kuupakua mchezo hubaki kwa Steam. Sharti hilo likivuka hapo, kamisheni ndogo ya mshindani haimfikii tena mnunuzi, na mtengenezaji hana sababu ya kuhama.