Je, seva mbili zinatosha kwa klasta ya Proxmox?

Wengi wanaojenga wingu binafsi huamini kwamba ukiunganisha seva mbili kuwa klasta (kundi linalofanya kazi pamoja), moja ikizimika nyingine huchukua mashine pepe zake. Kwenye vSphere, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, yenye hifadhi ya pamoja, hilo huwezekana.

Lakini Proxmox VE, mfumo mwingine wa aina hiyo, huipa kila seva kura 1, na hutaka kura zaidi ya nusu ili klasta ifanye kazi: kati ya 2, lazima zote 2. Seva iliyobaki na kura 1 hufunga /etc/pve (folda ya mipangilio ya klasta) isiandikwe, na mashine zilizozimika haziwaki. Ikiwa inaendesha mashine za HA (zilizopangwa kuhamia seva nyingine zenyewe seva yake ikizimika), nayo hujiwasha upya, jambo linaloshangaza wengi.

Endesha `pvecm status`, tazama "Expected votes" (kura zinazotarajiwa) na "Quorum" (kura zinazohitajika). Kura ya 3 haidai seva kubwa. Kompyuta ndogo ya Linux yenye corosync-qnetd, programu inayotoa kura ya ziada, yatosha. Kisha jaribu kwa kuchomoa waya wa umeme wa seva moja, kabla hujaweka data halisi.