Tuzo za redio na televisheni: kwa nini mtangazaji unayempenda hakushinda

Kila tuzo za wanahabari zikishatolewa, malalamiko ni yale yale. Mtangazaji anayesikilizwa kwenye kila saluni na kila kijiwe cha bodaboda ametoka mikono mitupu, na jina lililosomwa jukwaani ni la mwandishi wa redio ya jamii ambayo ukivuka wilaya mbili huipati tena. Watu wanahitimisha kuwa kuna mchezo umechezwa. Mchezo unaweza kuwepo, na tutaufikia, lakini mara nyingi mlalamikaji anadhani tuzo ile ni uchaguzi, wakati ile ilikuwa mtihani uliosahihishwa.

Zipo tuzo ambazo kweli ni uchaguzi. Nchini Australia jarida la TV Week lilianzisha tuzo za Logie mwaka 1959, zikachukua jina la John Logie Baird, Mskochi aliyekuwa miongoni mwa wagunduzi wa televisheni. Kwa miaka mingi wasomaji walikata kuponi kwenye jarida, wakajaza majina ya vipenzi vyao na kuituma kwa posta. Baadaye waandaaji wakaweka pia vipengele vya ubora vilivyoamuliwa na jopo la watu wa tasnia, na wakavitenganisha waziwazi: hiki ni cha anayependwa, kile ni cha aliyefanya kazi bora. Mtu mmoja angeweza kupata kimoja na kukikosa kingine bila yeyote kushangaa. Kenya nako, tuzo za Kalasha za filamu na televisheni, zinazoandaliwa na Kenya Film Commission, zimekuwa zikitumia jopo la majaji pamoja na kura za umma.

Tanzania tunazo Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari, maarufu kama EJAT, zilizoanza mwaka 2009. Zinaratibiwa na Baraza la Habari Tanzania, chombo kilichoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, kikishirikiana na wadau wengine wa habari. Humo wamo wa magazeti, redio na televisheni, na vipengele hufuata zaidi mada: afya, elimu, uchumi na biashara, mazingira, watoto, jinsia na kadhalika. Mwandishi anawasilisha kazi yake iliyotoka mwaka uliotangulia, jopo linaketi, linapitia. Umaarufu hauna maksi hapo. Aliyewasilisha makala moja nzuri anamshinda mwenye wasikilizaji milioni ambaye hakuwasilisha kitu.

Sasa majaji husikiliza nini? Sisi tunaofundisha utangazaji huwapa wanafunzi mfano wa makala ya redio ya dakika nane kuhusu kisima cha kijiji kilichoacha kutoa maji miezi michache baada ya mradi kuzinduliwa. Jaji anavaa hedifoni. Kwanza anataka kujua kama mwandishi alifika. Hilo halijifichi: mlio wa mpini wa pampu unaopanda na kushuka bila kutoa kitu, ndoo zinazoburutwa, mbuzi kwa mbali. Ukibandika sauti ya maji uliyoitoa intaneti, sikio lililozoea linagundua, kwa sababu mwangwi wake haufanani na mwangwi wa pale mama anapozungumzia. Halafu anasikiliza huyo mama. Je, ameachwa amalize maelezo yake, au amekatwa baada ya maneno manne ili mtangazaji aeleze kwa niaba yake?

Kisha yanakuja maswali magumu. Fedha za mradi zimetajwa; nani amethibitisha kiasi hicho? Mkandarasi ametuhumiwa, alitafutwa? Mhandisi wa maji wa wilaya amejibu nini, na jibu lake limehojiwa au limepokelewa kama lilivyo? Kama kuna binti aliyebakwa akitafuta maji usiku, je, jina lake limefichwa halafu kijiji, shule na jina la baba yake vikatajwa? Kosa hili tunakutana nalo sana kwenye kazi za wanafunzi, na kwa maoni yangu linatosha kuiangusha kazi nzima hata kama sauti zake ni tamu kiasi gani. Kwenye televisheni huongezwa la picha: picha za mwaka juzi zilizorushwa bila kuandikwa kwamba ni za maktaba ni udanganyifu, hata kama tumezizoea.

Kazi nyingi huishia njiani kwa sababu ni za semina. Mwandishi amealikwa hotelini, amemrekodi mgeni rasmi, amechukua posho, amerudi. Sauti zote ni za wakubwa, na mwenye shida hayumo.

Ukali wa namna hii umefikishwa mbali na Peabody, tuzo za Marekani zinazosimamiwa na Chuo Kikuu cha Georgia. Zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1941 kwa vipindi vya redio vya 1940, na televisheni ikaingizwa mwishoni mwa muongo huo. Hakuna idadi ya washindi iliyopangwa kwa kila kipengele, na kura za wengi hazitoshi: wanajopo wote lazima waafikiane.

Sasa tuje kwenye mchezo. Jopo nalo ni watu. Jaji anaweza kuwa aliwahi kuwa bosi wa mshiriki. Shirika linalofadhili kipengele linaweza kujikuta limeletewa makala za kulisifu. Msikilizaji ana haki ya kuuliza mambo matatu: majaji ni akina nani, vigezo ni vipi, na kazi iliyoshinda naisikia wapi. Hilo la tatu ndilo linalotuangusha. Jina linatangazwa, picha zinapigwa, na kazi yenyewe haionekani tena. Kule Georgia kazi zinazowasilishwa huhifadhiwa, kiasi kwamba kuna vipindi vya vituo vidogo ambavyo vyenyewe vilishavipoteza na nakala ikabaki chuoni. Dar es Salaam imekuwa ikitangaza tangu 1951, lakini katika studio nyingi za leo kompyuta ikijaa, faili zinafutwa. Dirisha la kuwasilisha kazi likifunguliwa, mwandishi anabaki na kipande cha dakika moja alichorushiwa WhatsApp.

Na ukitumiwa ujumbe kwamba umpigie kura mtangazaji wako kwa kulipia, tafuta kwanza mwandaaji ni nani na kura hiyo ina uzito gani kwenye matokeo. Tuzo ya jopo haihitaji salio lako.

Msikilizaji huwa anasahau kwamba naye anaweza kuchangia. Ukisikia makala iliyokugusa, pigia kituo simu wiki hiyo hiyo, taja jina la kipindi, siku na saa iliporushwa, uombe waihifadhi nzima. Fomu za ushiriki huuliza tarehe na saa ya kurushwa hewani, na miezi kumi baadaye hata aliyeitengeneza anaweza kuwa hazikumbuki.