Je, wajua nishati ya gnocchi haitoki zaidi kwenye viazi?

Gnocchi (tamka "nyoki", ila angalia usije ukaagiza nyoka) ni vidonge vya viazi wanavyovipenda sana Waitaliano. Mjini Roma vina siku yake, Alhamisi: ulikuwa mlo wa kushibisha kabla ya Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki hawakula nyama.

Mapishi ya nyumbani ni viazi kilo 1, unga wa ngano gramu 300 hivi na chumvi. Wengine huongeza yai. Viazi huchemshwa na maganda, humenywa vingali moto, hupondwa, kisha unga huchanganywa upesi. Donge husukumwa kwa viganja liwe kama kamba nene, hukatwa vipande, na kila kipande hubiringishwa kwenye uma kiote mistari ya kushika mchuzi. Ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka vinazama. Dakika mbili tatu baadaye vinaibuka vyenyewe, na hapo unaviopoa.

Sasa tupige hesabu. Kiazi kilichochemshwa ni maji kwa zaidi ya robo tatu, kwa hiyo gramu 100 zake zina kilokalori 87 tu au karibu na hapo. Unga ni mkavu: gramu 100 zina takriban 360. Kilo nzima ya viazi inaleta 870. Gramu 300 za unga zinaleta 1,080. Yaani unga, usiofika hata robo ya uzito wa donge, umetoa zaidi ya nusu ya nishati! Kwenye protini pia unaongoza: gramu 30 hivi, na viazi havifiki 20.

Ukigawanya, gramu 100 za gnocchi zina kilokalori 150 hivi, wanga gramu 33, protini karibu 4, na mafuta kidogo mno. Hazipishani sana na tambi zilizopikwa. Anayeziona nyepesi kwa kuwa ni laini amedanganywa na ulimi.

Ndiyo maana wapishi huchagua viazi vilivyokaa muda tangu kuvunwa, vikavu, vyenye ungaunga. Kiazi chenye maji mengi hunywa unga: unaongeza kidogo, bado kinanata, unaongeza tena, na mwishowe unatafuna mpira wenye nishati zaidi. Kuchemsha na maganda huzuia maji kuingia, na pia hupunguza upotevu wa vitamini C na potasiamu, ambazo ndizo mchango hasa wa kiazi hapa.

Lakini mimi ningeangalia mchuzi kwanza. Sahani ya gramu 200 ina kilokalori 300. Imwagie gramu 30 za siagi, umeongeza zaidi ya 200. Mchuzi wa nyanya wenye majani ya mrehani, kama wa Sorrento, mji wa kusini mwa Italia, ni nafuu zaidi, mradi mkono usizidi kwenye jibini la mozzarella.

Mwenye kisukari apakue kidogo na aongeze mboga za majani, kwani wanga wa kiazi kilichopondwa humeng'enywa haraka na kupandisha sukari. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo wake hudhurika kwa gluteni (protini ya ngano), asidanganywe na jina la viazi: gluteni imo. Na za pakiti, ambazo nyingi hutengenezwa kwa viazi vilivyokaushwa, zisomwe lebo kabla ya kununuliwa, hasa kwenye mstari wa chumvi.