Mwani haukukaa kabatini

Hakuna kikao cha mkoa nilichohudhuria akakosekana mtu wa kusimama na kusema kwamba tafiti za vyuo vikuu zinaozea kabatini. Kila mara hupigiwa makofi. Safari hii nimeona nijibu kwa maandishi, maana mimi ni mtu wa mwani, yaani majani ya baharini, niliyehamia kurugenzi ya utafiti ya chuo, na ushahidi wa mwani anauona yeyote anayepita Paje au Jambiani, huko Unguja, maji yakitoka.

Keto Mshigeni alipata uzamivu wake Hawaii mwaka 1974, akaja kuwa profesa wa mimea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mtetezi mkubwa wa kilimo cha mwani. Kabla ya kilimo hicho, mwani wa kuuza nje uliokotwa tu ufukweni. Kilimo cha biashara kikaanza Unguja mwaka 1989. Tangu uzamivu ule ni miaka 15, na wasemaji wa kabati wataihesabu yote kuwa ya usingizi. Lakini katika miaka hiyo kulihitajika vitu ambavyo mtaalamu wa mimea hana: mnunuzi wa uhakika na mbegu inayokua haraka. Mbegu ya biashara ilitoka Ufilipino, na soko lilikuja na wafanyabiashara. Sasa fomu za wafadhili hunitaka niandike mchango wa chuo kwa asilimia. Naijaza, ila siiamini. Ukiondoa watafiti au wanunuzi, kilimo hiki kisingekuwepo, na sioni njia ya haki ya kugawana sifa hiyo.

  

Linaloniudhi hasa ni kulaumu kabati wakati tatizo liko baharini na kwenye mizani. Tunalima aina mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni hutoa utomvu unaoganda vizuri, ndiyo maana bei yake ni kubwa zaidi. Spinosamu ni ngumu kufa lakini hailipi. Nenda wakati wa bamvua umwangalie mama aliyekaa na kamba mapajani: anachukua kipande cha mbegu, anakifunga kwa taitai, yaani kikamba chembamba, anasogea shubiri moja, anafunga kingine, kisha kamba inavutwa kati ya vigingi viwili. Baada ya wiki kama sita anavuna. Maji yakipata joto, kotoni hupauka kwenye maungio ikawa nyeupe kama mshumaa, ukiigusa inakatika. Shina zima linachukuliwa na mkondo, na jasho la mama linakwenda nalo.

Sababu tunazijua. Maji ya kina kifupi huchemka mchana yakiwa yametoka, mwani unadhoofika, bakteria wanaumalizia. Dawa yake imependekezwa pia: peleka kotoni kwenye kina kirefu. Dkt. Flower Msuya, aliyefanya utafiti Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ameifanyia kazi kwa miaka, akiwa pia nyuma ya kongano la mwani (ushirikiano wa wakulima, watafiti na wafanyabiashara) lililoanza 2006, ambako akina mama walifundishwa kusaga mwani na kutengeneza sabuni badala ya kuuza mkavu tu. Hayo yote yamechapishwa na kufundishwa vijijini. Kabati liko wapi?

Ila kina kirefu kinataka mashua, na kinataka mtu anayejua kuogelea. Wakulima wengi ni wanawake, na wengi wao hawakulelewa kuogelea. Wasiwasi wangu ni huu: tukifanikiwa kuhamisha kotoni, je, haitahamia mikononi mwa wanaume wenye mashua? Ripoti nyingi hulivuka swali hili kwa sentensi moja. Mimi linaninyima raha kila ninaposaini andiko la mradi wa kina kirefu.

Na hapo ndipo kazi ya mkurugenzi wa utafiti inapoanza. Fedha za utafiti hununua vipimajoto kwa urahisi, lakini mashua ya kikundi utaambiwa si utafiti. Huku Bara mashua inaweza kuombewa kwenye mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri hutenga kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Basi nakaa na afisa maendeleo ya jamii tukipitia katiba ya kikundi, bei ya injini, nani ataweka sahihi benki. Hakuna jarida litakalochapisha mchana wa namna hiyo. Lakini mchana huo ukikosekana, makala kumi kuhusu joto la bahari hazitamfikia mama wa kamba.

Kwa hiyo kikao kijacho niulizeni kikundi gani kimepata mashua, imeandikishwa kwa jina la nani, na kilo ya kotoni imelipwa shilingi ngapi msimu huu. Nitakuja na daftari la vijiji tunavyofanya navyo kazi. Afisa uvuvi naye aje na lake, na mnunuzi aitwe aketi meza hiyo hiyo.