Kichwa cha babu yake

"Hichi kichwa cha babu yake, dokta. Ukoo mzima vichwa vikubwa," bibi aliniambia, binti yake akimfungua mtoto kanga. Miezi mitatu. Nikazungusha utepe: sentimita 46. Utosi umekaza kama ngozi ya ngoma, mboni za macho zimezama chini, weupe umebaki juu.

Hapa Chake Chake mtoto wa namna hii huletwa na jina lake tayari: kichwa maji. Jina hilo silipendi sana, maana likishatajwa watu huacha kutafuta. Maji ni dalili. Kuna kilichoyazuia.

Nikapaka jeli ya ultrasaundi, nikaanza kwenye utosi. Vyumba vya maji vya ubongo vimepanuka, halina ubishi. Lakini ukipigia utosini, kisogo kiko mbali na picha inafifia, na wapimaji wengi huishia hapo. Nikahamia nyuma ya sikio, penye kiupenyo laini ambapo mifupa haijashikana bado. Pale ubongo mdogo wa kisogoni, yaani serebela, unaonekana vizuri. Pande zake mbili zilikuwepo, nyembamba, zimesukumwa huku na huku. Katikati, inapokaa vemisi inayoziunganisha, peusi patupu: maji yaliyoungana na chumba cha nne cha ubongo.

Hiyo ni Dandy-Walker, kasoro ya kuzaliwa nayo. Walter Dandy na Kenneth Blackfan waliieleza kule Marekani mwaka 1914. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 25,000 hadi 35,000. Vemisi ingekuwa nzima na maji yamejaa nyuma yake tu, ningewaza jambo jingine, pengine lisilohitaji hata kuguswa.

Kwa mimba changa nina ukali zaidi. Mama mmoja aliniletea karatasi ya kipimo cha wiki ya 15, imeandikwa ugonjwa huohuo, na wiki nzima hajalala. Wiki hizo vemisi ya kila mtoto bado haijashuka kufunika chumba cha nne! Nilimrudisha baada ya wiki ya 20. Vemisi ipo, nzima.

Huyu wa utepe tulimpima na moyo, kwani kasoro hii hupenda kuja na nyenzake, kisha tukampa rufaa ya Unguja kwa madaktari wa ubongo, awekewe mrija wa kushusha maji tumboni. Akili yake itakuwaje? Wapo wanaosoma skuli kama wenzao, wapo wasioweza. Nilimwambia mama hivyohivyo.

Bibi akafunga kanga, akaniuliza taratibu: "Na babu yake naye tumlete?"